Mwanao Tayari Ana Simu: Ni Hiyo ya Kwako

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mkubwa ni wa kiume, miaka 15, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa. Mdogo wake ni wa kike, miaka 13, kidato cha kwanza. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat amemtumia huyo mkubwa simu ya kupangusa, nzuri kuliko hata hii yangu. Baba yao amesema haiguswi mpaka amalize kidato cha nne, na ameifungia kabatini. Kijana amenuna, wiki ya pili sasa. Jioni huwa anatumia simu yangu kwa masomo, na namba yangu ya siri anaijua maana ndiye anayetuma hela kwa niaba yangu nikiwa jikoni. Je, tumpe au tusubiri? Na mdogo wangu nimjibu nini? Kila siku anauliza kama mtoto ameifurahia. – Mama Nasri

JIBU: Mama Nasri, kuna sentensi umeipitisha haraka kama haina uzito, ile ya namba ya siri. Mimi naanzia hapo. Wewe na Baba Nasri mnabishana kama kijana apewe simu, na kijana simu anayo. Kila jioni anashika simu iliyosajiliwa kwa jina lako, yenye hela zako, yenye makundi ya WhatsApp ya kikoba na ya ukoo ambamo watu wazima hutumiana mambo yao, na hakuna aliyemwekea saa wala mpaka. Kwa nini awekewe, wakati kwa hesabu za nyumbani "hana simu"?

Kwa hiyo rai yangu ni hii: apewe, na apewe sasa akiwa kidato cha tatu, mbele ya macho yenu na kwa masharti nitakayoyataja. Lakini kabla ya ile ya kabatini kutoka, ya kwako irudi mkononi mwako.

Kijana wa miaka 15 anayejua namba ya siri ya mama yake hahitaji kuwa mwizi ndipo akutie hasara. Kwenye menyu hiyohiyo anayotumia kutuma hela zako kuna mikopo ya papo kwa papo, na kwa kampuni ya simu mkopaji ni wewe. Halafu kuna kubeti. Sheria ya Tanzania haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, ila akaunti ya kubeti inategemea namba ya simu, na namba anayoishika Nasri ni ya mtu mzima mwenye kitambulisho cha NIDA. Mkeka wa kubashiri mechi wa shilingi 500 leo, kindege, ule mchezo wa kubeti wa ndege inayopaa, cha shilingi mia chache kesho. Ni hela ndogo kiasi kwamba ukiona salio limepungua utadhani ni makato. Wazazi wengi wanaokuja kwangu na kesi ya kubeti walikuwa na uhakika kwamba mtoto "hana simu".

Sisemi Nasri anabeti. Nasema angalia kabla hujamuuliza. Ingia kwenye menyu ya huduma yako ya fedha uombe taarifa ya miamala, maana meseji za uthibitisho zinafutika kwenye simu lakini miamala yenyewe haifutiki. Tafuta malipo madogomadogo yanayojirudia kwenda kwa kampuni usiyoijua, hasa Jumamosi na Jumapili jioni na katikati ya wiki usiku wa mechi za Ulaya. Ukiyakuta, usiwashe moto siku hiyohiyo. Lala nayo, zungumza na Baba Nasri, kisha mkae na kijana mkiwa wawili. Usipoyakuta, mshukuru Mungu, na namba ya siri ubadilishe hata hivyo. Siku nyingine ukiwa na unga mikononi, Nasri aandike namba ya mpokeaji na kiasi, halafu akusogezee simu uweke namba ya siri mwenyewe. Skrini itachafuka kidogo, itafutwa.

Ukiwa hapohapo, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaikane. Na kwenye WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Nimeshaona mama akisomwa ujumbe wake wote kwenye kompyuta ya ofisi ya mtu, kisa mtoto aliiunganisha ili achapishe kazi ya shule akasahau kuiondoa.

Sasa nije kwa Baba Nasri, na tafadhali msomee kipande hiki. Hofu yake haina ajabu. Amewaona watoto waliokuwa wa kwanza darasani wakaporomoka baada ya kushika simu, na mengi anayoyaogopa yapo kweli. Ninachopishana naye ni kalenda. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti katikati ya mwaka. Maana yake, ukisema "simu baada ya kidato cha nne", umepanga kumkabidhi kijana simu yake ya kwanza siku anapoingia kwenye miezi saba au minane isiyo na shule, isiyo na kazi ya nyumbani, isiyo na kengele ya saa moja asubuhi. Hakuna majira mabaya zaidi ya kujifunzia simu. Anakesha hadi alfajiri, analala hadi adhuhuri, na mzazi anashindwa hata kulalamika kwa sababu ahadi aliitoa mwenyewe. Kisha anakwenda kidato cha tano, pengine bweni la mkoa mwingine, akiwa na tabia zilizokwisha kukomaa.

Mwaka wa kidato cha tatu una ratiba. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili umepita, wa nne haujafika, na kuna muhula mzima wa kukosea na kurekebishwa akiwa bado analala chumba cha pili kutoka kwenu. Mkimpa sasa, ikifika Novemba mwakani akimaliza mtihani simu itakuwa imezoeleka, si kitu kipya cha kumtia wazimu. Na kama imeshindikana mtajua mapema, mtairudisha kabatini mkiwa na sababu ambayo hata yeye anaiona.

Niweke jambo moja sawa, kwa sababu watu huchanganya. Kumpa simu na kumpa TikTok ni maamuzi mawili tofauti. Umesikia habari za Australia: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16. Sheria ile inaibana kampuni, na haimkatazi mtoto kumiliki simu. Mimi nami, kwa nyumba yenu, ningegawa hivyo. WhatsApp awe nayo, kwa sababu kundi la darasa liko huko, pasti pepa ziko huko na mwalimu wa tuisheni huahirishia vipindi huko. YouTube awe nayo. Masomo ya Fizikia yaliyomo ni mengi na mengine ni mazuri kweli. TikTok na Instagram zingoje afike 16. Wataalamu hatujaafikiana kuhusu ukubwa wa madhara ya mitandao hiyo kwa akili za vijana, na mtu akikwambia imethibitishwa moja kwa moja upande wowote anakurahisishia mambo. Lakini hakuna kijana aliyefeli maisha kwa kusubiri mwaka mmoja.

Siku ya kuifungua iwe siku ya familia, kama Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nasri aishike mwenyewe, nyie mkae pembeni. Kabla ya yote abonyeze *#06#, tarakimu zitakazotokea ni namba ya utambulisho wa simu (IMEI), mziandike kwenye daftari. Simu ikiibiwa stendi, polisi na mtandao wataziulizia. Laini iwe mpya. Kwa umri wake haiwezi kuwa kwa jina lake, mzazi ndiye humsajilia, kwa hiyo jina litakuwa lenu na lolote litakalofanywa na laini hiyo litaanza kuulizwa kwenu. Mwambie hivyo waziwazi, anastahili kulijua. Na laini hiyo msiifungulie huduma ya fedha.

Kisha mtafika mahali simu inapouliza mwaka wa kuzaliwa. Hapo simama. Vijana wengi huweka 2000 au hata 1990 ili wasisumbuliwe, na kwa tarakimu hizo nne wanajivua ulinzi wote. Akaunti ya Google inapojua kwamba mtumiaji ni mtoto, huchuja baadhi ya mambo. TikTok, kwa mfano, huifanya akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 kuwa ya faragha na humzuia asitumiwe ujumbe wa siri. Mtandao ukiambiwa huyu ana miaka 25, utamhudumia kama wa miaka 25. Aweke mwaka wake halisi, nyie mkiona.

Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ni ya bure, na kama simu ni ya Android mnaweza kuiweka siku hiyo. Inakuwezesha kupanga saa ya simu kujifunga, na kijana akitaka kupakua programu ombi linakuja kwako kwanza. Jambo la msingi ni awepo na ajue. Zipo programu za kupelelezea ambazo mzazi huziweka kwa siri asome kila neno la mtoto, nazo sizipendi hata kidogo. Kijana huzigundua, na akizigundua hatabadilisha tabia, atabadilisha simu.

Na usiku. Hapa sitakuwa na huruma, kwa sababu katika yote tunayoyajua kuhusu vijana na simu, usingizi ndio usio na ubishi mwingi. Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Katika balehe mwili huchelewa kutoa homoni ya usingizi, ndiyo maana saa nne usiku ana macho makavu na saa 11 alfajiri unamtikisa kama gogo. Ukimwongezea skrini kitandani, umemkata usingizi zaidi. Hesabu kurudi nyuma: kama anaamka saa 11 kuwahi shule, basi saa 3 usiku awe anasinzia, na simu iwe imeshakabidhiwa saa 2 na nusu. Kunyang'anya kila usiku kutawachosha wote. Nunueni chaja moja tu ya simu hiyo, ikae chumbani kwenu, basi. Simu itakuja yenyewe kutafuta chaji. Atasema anaihitaji kwa alamu; saa ya mezani ya kengele sokoni si ya bei kubwa. Na Baba Nasri naye asiwe anaangalia marudio ya magoli mezani wakati wa chakula, maana kijana huhesabu.

Bando ni usukani mwingine ambao wazazi husahau. Badala ya kugombania dakika, mpe bando la wiki lenye kiwango kinachojulikana. Likiisha Alhamisi, limeisha, na Ijumaa atajifunza jambo ambalo mahubiri yako hayakuweza. Ila uliza kwanza jirani nani ana Wi-Fi isiyo na nywila, maana bando likiisha atahamia huko.

Shuleni isiende. Shule nyingi zinakataza, na ikikamatwa kijana anaweza kusimamishwa masomo. Usimtetee wala usimfichie.

Kuna jambo hukuliuliza, nami silipiti: binti yako wa miaka 13. Anaangalia. Simu imekuja kwa kaka yake, mjadala wa nyumba nzima ni wa kaka yake, na nina wasiwasi akiuliza lake ataambiwa "wewe mtoto wa kike, simu ya nini?" Katika kazi yangu, kesi nzito zaidi hazijatoka kwa mabinti waliopewa simu na wazazi. Zimetoka kwa waliopewa na mtu mwingine. Simu ya siri hukaa chini ya godoro au ndani ya begi la shule, huchajiwa kwa shoga yake, na aliyeinunua ni dereva wa bodaboda anayempeleka tuisheni, au mwenye duka, au kaka mkubwa wa rafiki. Anayenunua simu ndiye anayenunua bando, na anayenunua bando ndiye anayepanga saa ya kupigiwa na kinachozungumzwa. Utafiti kuhusu Tanzania uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba wanaowadhuru watoto kingono kupitia mtandao mara nyingi ni watu ambao mtoto tayari anawajua. Sheria ni kali: kufanya mapenzi na binti wa chini ya miaka 18 ni kubaka hata kama alikubali, na tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini sheria hufika baada ya mambo kutokea.

Kwa hiyo naye apangiwe. Sasa hivi kitochi kinamtosha, cha kupiga na kupigiwa akitoka tuisheni. Mwambie mbele ya kaka yake kwamba akifika kidato cha tatu atapewa ya kupangusa kwa masharti yaleyale, na ahadi hiyo muishike. Kabla ya hapo akitaka kusoma atumie ya nyumbani, sebuleni. Na ukikuta ndani waya wa chaja au spika za masikioni ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi, usianze na fimbo. Anza kwa kuuliza kwa sauti ya kawaida, maana unayemtafuta ni mtu mzima aliyeko nje, na njia pekee ya kumfikia ni mdomo wa mtoto wako.

Wavulana nao wana mtego wao, na Nasri auelewe kabla hajaingia mtandaoni peke yake. Akaunti yenye picha ya msichana mzuri inamtafuta, wanachati siku mbili tatu, inamwomba picha ya utupu au wapigiane video. Akishatuma tu, sura inageuka: tuma hela, la sivyo picha zinakwenda kwa wenzako wote na kwa mama yako. Aliyeko upande wa pili mara nyingi si msichana kabisa. Kijana hulipa cha kwanza kwa hela ya nauli, cha pili kwa kukopa, na hasemi, kwa sababu anajua sentensi ya kwanza atakayoisikia nyumbani ni "lete hiyo simu".

Ndiyo maana ninawaomba mumwahidi jambo moja siku ileile ya kuifungua, baba akiwepo: akikwama, akija mwenyewe kusema, simu haitachukuliwa kwa sababu ya kusema. Kwa makosa mengine mtajua wenyewe, hilo hapana. Kisha mfundisheni hatua zake. Asilipe, kwa sababu anayelipa huongezewa deni. Asifute mazungumzo, apige picha za skrini, ndipo amzuie mtu huyo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna namba 116 ambayo mtoto au mzazi hupiga bila malipo. Matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" wao wanaripotiwa kwa kutuma namba zao kwenda 15040. Na ajue upande wa pili pia: picha ya utupu ya mwenzake wa darasani ikimfikia, akiisambaza amevunja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na anaweza kuingia kwenye kesi hata kama siye aliyeipiga. Vijana wengi hudhani kosa ni la wa kwanza tu.

Atavunja masharti, hilo tarajia. Utamkuta saa 6 usiku chini ya shuka na mwanga usoni. Adhabu iwe fupi na inayojulikana tangu mwanzo: amechelewa kuikabidhi usiku mmoja, kesho yake hana. Kufungia simu miezi mitatu kwa kosa la nusu saa kunawachosha nyinyi kabla yake, na mtairudisha wiki ya pili kwa sababu anahitaji notsi. Mkishairudisha hivyo mara moja, adhabu zenu zimekwisha nguvu. Kubeti, kudanganya kuhusu akaunti ya pili, au kutukana watu mtandaoni, hayo ni mazito zaidi na yanahitaji kikao.

Nimebaki na mdogo wako wa Muscat. Mwambie ukweli: zawadi imefika, ni nzuri, Nasri ataanza kuitumia karibuni na kuna masharti. Usimfiche ukamwambia "ameifurahia sana" wakati imefungiwa, maana kijana mwenyewe atampigia siku moja amweleze, na utaonekana mbaya kwa wawili. Kisha mwombe mambo mawili. La kwanza, asimtumie Nasri hela ya bando moja kwa moja. Akitaka kusaidia atume kwako. Mama mdogo mwenye mapenzi na riali mkononi anaweza kuvunja utaratibu wenu wote kwa ujumbe mmoja wa usiku. La pili, ikiwa anafikiria kumtumia na binti, aulize kwanza.